Kompyuta Kuukuu Si Mchezo wa Kitoto

Hivi jamani, kijana akiunda kompyuta ya mwaka 1975 kwa mikono yake, mnacheka nini? Nimewasikia kijiweni: "Simu yangu inaiacha mbali mara elfu!" Sawa bwana. Sasa ifungue hiyo simu utueleze inavyofanya kazi. Mbona kimya?

Altair 8800 ilipotoka Marekani, Januari 1975, wengi waliinunua ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, wakaichomelea wenyewe mezani. Haikuwa na kioo wala kibodi. Unapandisha swichi, unashusha, na taa nyekundu zinakujibu: inayowaka ni moja, iliyozima ni sifuri. Kumbukumbu yake ya mwanzo ilikuwa baiti 256, haitoshi hata kuhifadhi aya hii. Leo wapo wanaotengeneza nakala zake, swichi na taa vilevile, na ndani wanaweka bodi ndogo ya Arduino inayoigiza ubongo wa zamani. Na zinafanya kazi.

Sisi je? Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Piga hesabu mwenyewe: wenzetu wanakaribia kujiundia mashine nyumbani, sisi tunafunga mlango! Marufuku ililegezwa baadaye, lakini tulipoingia tukakuta mashine zimeshafunikwa, tukafundishwa kubonyeza tu. Somo la kwanza likatupita. Kijana anayeunda nakala leo hachezi. Anarudi kulisoma somo hilo.

Sisi wa Muheza hatuhitaji kuelezwa sana. Machungwa yetu yanapakiwa kwenye malori yanakwenda zake, halafu dukani tunanunua juisi ya boksi. Mnataka na akili nayo iwe hivyo hivyo?

Mtasema vifaa ni ghali. Kweli, ukiagiza seti nzima. Lakini swichi nane, taa nane, betri na kipande cha ubao, fundi redio yeyote hashindwi. Anzia hapo. Herufi kubwa M, ya Muheza, kwenye kompyuta ni 01001101. Iwashe kwa mkono wako mara moja tu, uone kama utacheka tena.

Na ninyi waandishi wenzangu, msijifanye hayawahusu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, mkoa wetu huu huu wa Tanga, mwaka 1909. Nani kati yetu amewahi kuufumua ukurasa wake mmoja, sentensi kwa sentensi, aone ulivyoshonwa? Tunataka kutoa riwaya, lakini kufungua mfuniko hatutaki. Ugonjwa ni ule ule.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayebisha achukue kalamu. Nitamjibu.