Cheti Kinadaiwa, Kituo Hakitajwi

Sheria inayomtaka mwananchi awe na karatasi fulani, lakini isiyomwambia aende wapi kuitafuta, ni sheria iliyoachwa nusu, na katika kisiwa cha Unguja hakuna karatasi inayolithibitisha jambo hilo zaidi kuliko cheti cha ukaguzi wa chombo cha moto, yaani hati ya kila mwaka inayoeleza kwamba gari limepimwa breki, usukani, taa, matairi na chasisi, na limeonekana linafaa kubeba watu. Kila mwenye gari anajua kwamba cheti hicho kinatakiwa, kwa sababu askari wa usalama barabarani humuuliza; lakini akitaka kujua mahali penyewe, saa za kazi na ada, hupata majibu mengi kwa kadiri ya watu aliowauliza. Safu hii, ambayo wasomaji wake wa siku nyingi wanaufahamu ugomvi wake na matuta yasiyo na alama, inashikilia kwamba kosa hili ni zito kuliko la matuta, kwa kuwa tuta huvunja springi, hali ukaguzi usiofanyika huvunja watu.

Chanzo cha mkanganyiko kiko katika mgawanyo wa madaraka. Usafiri wa nchi kavu haumo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya mwaka 1977, ndiyo maana gari la Zanzibar hubeba namba inayoanza kwa herufi Z na la Bara hubeba namba inayoanza kwa T, na ndiyo maana LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliyoundwa mwaka 2019, haina kazi upande huu wa bahari. Jeshi la Polisi, kwa upande wake, ni la Muungano. Hivyo askari anayelisimamisha gari njiani ni mtumishi wa Serikali ya Muungano, hali Sheria ya Usafiri Barabarani, Na. 7 ya mwaka 2003, na leseni ya njia, ambayo ni kibali cha kulitembeza gari, ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Juu ya hayo, ushuru wa forodha wa gari linaloshushwa bandarini hukusanywa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, mapato ya ndani yasiyo ya Muungano yamo mikononi mwa ZRA, yaani Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyochukua nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato mwaka 2022, na viwango vya bidhaa ni kazi ya Taasisi ya Viwango iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwananchi hakuzigawa kazi hizo na hapaswi kuadhibiwa kwa kutojua mpaka wa moja unaishia wapi na wa nyengine unaanzia wapi.

Yaliyotokea wiki hii yanatosha kuwa ushahidi. Dereva mmoja mtu mzima, mkaazi wa upande wa Makunduchi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwateremsha mjini kila alfajiri abiria pamoja na muhogo na vikapu vyao vya samaki, kwa gari lenye bodi ya mbao, alisimamishwa njiani na askari kijana, akaonyeshwa kwamba cheti chake kimekwisha muda, naye hakubisha, kwani ni kweli kilikuwa kimekwisha. Aliuliza swali moja tu: "Sawa mwanangu, nikalikaguze wapi?" Askari, ambaye alizungumza kwa heshima na hakuomba kitu, alimjibu, "Ulizia mjini, ami." Jibu hilo halikutolewa kwa kiburi, na hilo ndilo linalolifanya liwe zito zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba hata mwenye mamlaka ya kudai cheti hakupewa na wakubwa zake anuani ya kumpa mtu anayekikosa.

Mji aliotakiwa kuulizia si mdogo kwa mtu wa shamba. Baada ya kuwashusha abiria wake aliliacha gari akaanza kutembea kwa miguu, kwa kuwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe gari la ukubwa ule haliingii, na kila ofisi aliyoifika ilimsikiliza, ikampokea kwa salamu, kisha ikamwelekeza kwengine: moja ilimwambia kwamba pale hulipwa ada tu, nyengine ikamwambia kwamba anayekagua ni polisi, na polisi wakamwambia kwamba aanze kule alikotoka, kwa sababu hawezi kukaguliwa kabla ya kulipa. Jua lilipokwisha kusimama utosini alikutana nje ya uzio na kishoka, yaani wakala asiye na ofisi wala kibali anayejipatia riziki kutokana na mkanganyiko wa wengine, akiwa na bahasha ya karatasi chini ya mwembe. "Ami, gari si lazima lije," alisema kijana huyo. "Nipe kadi ya gari na simu yako, alasiri utakuja kuchukua cheti."

Msomaji na asite hapo, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Dereva alikataa, na hakukataa kwa kukosa fedha. Alimweleza kijana yule kwamba breki ya nyuma ya gari lake inavuta upande mmoja, kwamba fundi wake amekwisha ifungua na kuifunga bila kuona kasoro, na kwamba alikuwa na hamu ya kufika mbele ya mtu mwenye kipimo ili aambiwe kuna nini, maana kila siku hubeba watoto wa skuli. Mtu huyu alikuwa akiutafuta ukaguzi wenyewe, akapewa karatasi. Alirudi Makunduchi jioni ile bila cheti, breki yake ikiwa vile vile, akapita kwenye msitu wa Jozani, ambako matuta yaliwekwa barabarani baada ya kudhihirika kwamba magari yanawaua kima punju, kima adimu wanaopatikana Zanzibar pekee. Na ni jambo jema kwamba kima wale walifikiriwa, ila abiria wanaokaa nyuma ya dereva huyo nao wanastahili kufikiriwa kwa uzito ule ule.

Inafaa kueleza ukaguzi wa kweli ni nini, kwa kuwa wengi wamezoea kuuona kuwa ni muhuri. Breki hupimwa kwa mashine ya rola, ambayo ni mitambo miwili ya duara iliyozikwa sakafuni, gurudumu likakaa juu yake na kuzungushwa, kisha dereva akakanyaga breki, na kipimo kikaonyesha nguvu ya kila gurudumu peke yake. Breki inayovuta upande mmoja, ambayo fundi wa kawaida huihisi tu, hapo huonekana kwa tarakimu. Taa hupimwa kama mwanga wake unaelekea chini upande wa kushoto au unampofua anayekuja mbele. Matairi hupimwa kina cha kashata zake, na kwa magari madogo ya Uingereza kina hicho hakitakiwi kupungua milimita 1.6. Chasisi hugongwa na kutazamwa kutoka chini, na kwa kisiwa hiki hilo ndilo la kwanza kutazamwa, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana, na gari linalobeba samaki wanaodondosha maji ya bahari sakafuni huliwa haraka zaidi, rangi ya juu ikiwa bado inang'aa.

Gari la bodi ya mbao linahitaji neno la peke yake, kwa kuwa ndilo linalowasafirisha watu wa shamba na ndilo lisilo na kitabu cha kiwandani cha kulipimia. Lilitoka kiwandani likiwa gari la mizigo, likafika hapa, na seremala akalijengea bodi yenye paa, mabenchi ya pembeni na mlango wa nyuma, kwa ustadi ambao nje ya kisiwa hiki ni wachache wanaouelewa. Mabenchi yale hayana mikanda, uzito wa mbao na wa mizigo inayopandishwa juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa gari, na boliti zinazoifunga bodi kwenye chasisi ndizo zinazoamua, gari likipinduka, kama paa litabaki juu ya vichwa vya watu au litawaangukia. Mashine ya rola haitamwambia mkaguzi lolote kuhusu boliti hizo. Kinachotakiwa ni kipimo kilichoandikwa hapa, na maseremala wa hapa wakaitwa kukiandika pamoja na wahandisi: mbao ya unene gani, boliti ngapi, paa libebe kilo ngapi. Kuwadai watu cheti cha mwaka kwa gari ambalo halikuandikiwa kipimo ni kumdai mwanafunzi majibu ya mtihani usiotungwa.

Wako wanaosema kwamba magari yetu mengi hutoka Japani, nchi yenye ukaguzi mkali, na kwa hiyo hatari si kubwa. Hoja hiyo inaugeuza ukweli. Kwa mujibu wa sheria ya Japani ya mwaka 1951, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huzidi kuwa na gharama kadiri gari linavyozeeka na kuhitaji matengenezo, hadi mwenyewe huona nafuu kuliuza nje kuliko kulitengeneza. Ukali wa ukaguzi wa kule, kwa maneno mengine, ni miongoni mwa sababu zinazolileta gari hapa, na linafika katika umri ule ambao linahitaji kutazamwa zaidi.

Kwengine jambo hili halikuwa rahisi pia, ila halikufichwa. Uingereza ilianza ukaguzi wa kila mwaka mwezi Septemba 1960 kwa magari yaliyozidi miaka kumi, ikateremsha umri huo hadi miaka saba mwaka 1961 na mitatu mwaka 1967, na kazi ikagawiwa gereji za kawaida zilizoidhinishwa, ambazo leo zinazidi 20,000 na kila moja ina kibao cha buluu chenye pembetatu tatu nyeupe, kiasi kwamba hata mgeni anaijua kwa kuiona. Kenya iliunda NTSA, mamlaka yake ya usafiri na usalama, kwa sheria ya mwaka 2012, na dereva wa Mombasa akiuliza aende wapi huambiwa Miritini. Uganda iliikabidhi kazi hiyo kampuni ya kigeni mwaka 2015, watu wakalalamikia ada na Bunge likaipinga. Lakini hata aliyelalamika alijua analalamikia kituo kilicho wapi.

Zanzibar haina haja ya kufundishwa na wageni maana ya ukaguzi wa karatasi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu waliozidi mno idadi iliyoruhusiwa, na tarehe 18 Julai 2012, kabla mwaka haujatimia, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Vyombo vyote viwili vilikuwa na karatasi. Baada ya misiba hiyo watu walidai, kwa haki kabisa, kwamba chombo cha baharini kitazamwe kwa macho kabla ya kung'oa nanga, na hakuna aliyesema kwamba kufanya hivyo ni usumbufu. Vifo vya barabarani huja mmoja mmoja na wawili wawili, huzikwa shehia kwa shehia, na kwa sababu hiyo havikuwahi kupewa tume.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi kukianza. Taasisi zote zinazohusika zikubaliane mlango mmoja wa kuingilia, kisha jina la mahali, siku, saa, ada na orodha ya vinavyopimwa viandikwe kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo ubandikwe katika ofisi ya kila sheha, yaani msimamizi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala, kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi, na kila askari wa usalama barabarani apewe nakala ya kumkabidhi dereva anayemsimamisha. Mkoa wa Kusini na Mkoa wa Kaskazini kila mmoja upate siku zake za ukaguzi, hata kama ni kwa mkaguzi anayesafiri na mashine ya kuhamishika, kwa kuwa kumtaka mtu wa Makunduchi au Nungwi alete mjini gari lenye breki mbovu, mwendo wa karibu kilomita 60, ili aambiwe kwamba breki ni mbovu, ni kuitafuta ajali. Cheti kisitolewe kwa gari ambalo halikufika, na anayekitoa hivyo ashitakiwe kama mghushi, awe ni kishoka chini ya mwembe au mtumishi aliyempa bahasha.

Hadi ukurasa huo utakapobandikwa, safu hii inaiomba Serikali isimamishe faini ya kukosa cheti kwa magari ya abiria ya shamba, na dereva yeyote anayekuja kwa hiari yake kusema kwamba breki yake inavuta upande mmoja apimwe siku hiyo hiyo, bila kutumwa ofisi nyengine.