Kiatu na Kiufuate Mguu

Asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, huonekana miguu ya kila namna. Mvuvi yu pekupeku, kwani kiatu majini ni mzigo. Mchuuzi amevaa kandambili, na mchukuzi amevaa katambuga zilizokatwa katika tairi la gari. Barabarani apita mwanafunzi aliyebanwa na viatu vyeusi vya ngozi, vyembamba mbele. Kwa desturi, huyu wa mwisho ndiye ahesabiwaye kuwa amevaa vizuri. Je, sayansi yakubaliana na desturi hiyo?

Kuanzia kifundo hadi vidoleni, mguu wa binadamu una mifupa 26 na viungo 33. Katika kila hatua upinde wa wayo hushuka kidogo kisha hupanda tena, na vidole hutanuka ili kuushika mwili usiyumbe. Kiatu chembamba huvikusanya vidole mahali pamoja. Soli ngumu huinyima misuli kazi, na misuli isiyotumika hudhoofika. Mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 2,300 wa India. Miongoni mwa waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na wayo bapa. Miongoni mwa waliotembea miguu mitupu, asilimia 2.8 tu. Aidha, uchunguzi uliofanywa Kenya na Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sugu nene huulinda wayo bila kuupunguzia uwezo wa kuihisi ardhi.

Hata hivyo, litakuwa kosa kubwa kuhitimisha kwamba viatu vitupwe. Funza, ambaye asili yake ni Amerika ya joto, aliletwa Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha alikuwa amelivuka bara hadi upande wa Bahari ya Hindi. Minyoo ya safura nayo hutoka katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, ikapenya ngozi ya wayo na kwenda kunyonya damu matumboni. Jeraha la msumari laweza kuleta pepopunda. Hapana mwalimu awezaye kusifu uzuri wa miguu mitupu mbele ya mtoto asiyeweza kutembea kwa ajili ya funza.

Basi haja ya mguu ni mbili: wayo ulindwe, na umbo lake lisiharibiwe. Kiatu chema ni kipana mbele, chenye soli bapa inayokunjika kwa urahisi, na hakina kisigino kirefu. Katambuga za Ujiji na Kigoma zimetimiza sehemu ya sharti hilo kwa kuviacha vidole huru. Kasoro yake ni uzito wa tairi, na uwazi unaomruhusu funza kuingia. Yafaa mafundi wetu wa viatu watengeneze kiatu cha shule kilichofunikwa, chepesi na kipana, kwa ngozi laini na mpira mwembamba. Shule nazo, zitungapo kanuni za sare, zitazame umbo la kiatu na si rangi yake tu. Mzazi anunuaye viatu vya mtumba hupima urefu, aghalabu akausahau upana.

Jambo hili laweza kupimwa darasani bila maabara. Mwanafunzi asimame juu ya karatasi, mwenzake auchore mguu wake kwa kalamu iliyosimama wima. Kisha kiatu chake kiwekwe juu ya mchoro. Mstari wa mguu ukionekana nje ya soli, kiatu hicho kinambana. Darasa zima likikusanya vipimo vyake, litakuwa na takwimu za kuwaonyesha wazazi.

Tahadhari moja yabaki. Mguu uliozoea soli nene haufai kubadilishwa ghafula. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wakimbiaji waliohamia viatu vyepesi katika muda wa wiki 10 walionyesha dalili za kuumia mifupa ya miguu kuliko wenzao. Mabadiliko na yaende polepole, na kwa mtoto anayekua yaanze na kiatu chake kijacho.