Kompyuta Nzito Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kompyuta ya nyumbani si pambo tena. Ndiyo inayomwandalia mwalimu mitihani ya wanafunzi wake. Ndiyo inayomtunzia katibu wa chama cha msingi cha ushirika hesabu za kahawa. Na ndiyo inayomwezesha kijana aliyemaliza kidato cha sita kujaza maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ambayo hupokelewa kwa njia ya intaneti na kwa muda maalumu tu. Kwa hiyo mashine hiyo inapogeuka kuwa nzito, hasara yake haiishii katika kero ya kungoja. Kazi hulala, na pengine nafasi ya mtu hupotea.

Kisa cha kawaida ni hiki. Familia ya Nkwenda au Kayanga imenunua kompyuta ya mtumba, nayo imefanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa. Siku moja mfumo endeshi wake unabadilishwa, Windows 10 inaondolewa na Windows 11 inawekwa. Tangu siku hiyo kuiwasha ni kazi ya kungoja, na kufungua barua moja ni mtihani wa subira. Mwenye mashine akiuliza, hupewa mojawapo ya majibu mawili. La kwanza ni kile ambacho mafundi hukiita “kupiga window”, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, na mara nyingi picha na nyaraka za familia hupotea humo. La pili ni kwamba mashine imekwisha, inunuliwe nyingine. Majibu yote mawili yana kasoro moja: yanatoa dawa kabla ya vipimo.

Haifai kumlaumu aliyebadilisha mfumo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na mfumo usiopata masasisho ya usalama ni kama nyumba ambayo kitasa chake kinajulikana na wezi. Lakini Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, ina madai makubwa kuliko mtangulizi wake wa mwaka 2015. Ile ya zamani iliridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Hii mpya inataka 4, pamoja na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski. Tena inadai kijenzi maalumu cha usalama na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mtumba haziyatimizi masharti hayo, ila baadhi ya mafundi hulazimisha mfumo kuingia kwa hila, hali mwenye mashine hajui kwamba kampuni haimhakikishii masasisho ya baadaye.

Kiini cha uzito wenyewe chaweza kueleweka na mtu yeyote. Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa meza ya karani, na diski ni kabati lililo nyuma yake. Meza ikijaa, karani hulazimika kuinuka kila mara kurudisha jalada moja na kuchukua jingine. Mfumo mpya unapoijaza kumbukumbu ya gigabaiti 4 hata kabla ya kazi kuanza, kompyuta huitumia diski kama nyongeza ya meza. Hapo ndipo aina ya diski inapoamua mambo. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kwa vipande vidogo vilivyotawanyika haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya kielektroniki, isiyo na kitu kinachozunguka, huhudumia maelfu kwa maelfu. Prosesa yaweza kuwa bado ina nguvu, lakini inakaa bure ikingoja kabati lifunguliwe.

Jambo la pili linalosahauliwa ni muda. Baada ya kubadilishwa, mfumo hufanya kazi nyingi kimyakimya: hupanga upya orodha ya mafaili, hukagua virusi, na huteremsha masasisho zaidi. Mahali ambapo intaneti inatoka katika bando la simu, kazi ya saa chache yaweza kuendelea kwa siku kadhaa, na bando likaisha bila mtu kujua limekwenda wapi. Aidha nakala ya mfumo wa zamani huhifadhiwa kwa siku 10, ikichukua nafasi kubwa ya diski. Katika siku hizo mwenye mashine anaweza kurudi alikotoka bila kupoteza nyaraka. Anayekimbilia kufuta siku ya pili anajinyima nafasi hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi wala fedha. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, hufunguka ukurasa unaoonyesha ni kwa kiasi gani prosesa, kumbukumbu na diski zinatumika. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 hali prosesa iko chini, kasoro imejulikana iliko. Kumbukumbu ikiwa imejaa, zitazamwe programu zinazojiwasha zenyewe, na zisizo na kazi zizuiwe. Prosesa ikiwa ndiyo imeelemewa, ukurasa huohuo hutaja programu inayoielemea. Ikiwa picha ndizo zinazokwamakwama, huenda programu ya kuendesha kioo haikuingia sawasawa.

Kuna pia sababu zisizohusiana na mfumo mpya, ingawa hulaumiwa kwazo. Vumbi jekundu la barabara za vijijini huziba feni, na prosesa inayopata joto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kompyuta ya mapajani iliyounganishwa na chaja isiyo yake hufanya vivyo hivyo ikiona umeme haitoshi, na jambo hilo si geni katika nyumba zinazotegemea sola. Kupuliza vumbi na kujaribu chaja sahihi ni gharama ndogo sana.

Baada ya vipimo ndipo tiba ifuate, kuanzia iliyo rahisi. Nyaraka zinakiliwe kwanza kwenye flashi au diski ya nje. Kisha nafasi ya diski iongezwe, na kompyuta iachwe imalize kazi zake. Hilo lisiposaidia, diski inayozunguka ibadilishwe kwa ya kielektroniki, na kumbukumbu iongezwe kufikia gigabaiti 8 ikiwa mashine inakubali. Vifaa hivyo viwili kwa kawaida ni nafuu kuliko kompyuta nyingine. Na kama mashine kweli haiwezi kuubeba mfumo mpya, ipo mifumo ya bure ya Linux iliyo myepesi, inayopata masasisho ya usalama, na inayotosha kwa barua, hesabu na intaneti. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakulima wa wilaya hizi wanalifahamu somo hili kutoka vibanjani mwao. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, unaoitwa unyanjano, ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000, ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Kazi ilikuwa nzito na wengi waliikwepa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kuukata ule mgomba uliougua peke yake, kwa kurudiarudia bila kuchoka na kwa panga lililosafishwa kwa moto au dawa, hupunguza ugonjwa na kukiokoa kibanja. Aliyeichunguza migomba yake mmojammoja hakulazimika kuanza upya.

Taifa nalo lina kumbukumbu ya kuihukumu mashine. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara katika matumizi ya mashine hizo serikalini, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu. Hofu ya kupoteza fedha za kigeni ilikuwa na msingi. Hata hivyo upungufu mkubwa ulikuwa wa watu wenye ujuzi wa kuzitumia na kuzitunza, na marufuku haiwezi kuzalisha ujuzi.

Upungufu huo umebaki, ila umehamia nyumbani. Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Murongo, mpakani na Uganda, ni mbali zaidi. Si haki mwananchi asafirishe mashine umbali huo ili aambiwe kwamba diski yake ni ya kuzunguka. Yafaa muuza mtumba alazimike kuandika katika stakabadhi aina ya diski, ukubwa wa kumbukumbu na mwaka wa prosesa, kama vile muuza mbegu anavyotakiwa kuonyesha lebo. Yafaa vyuo vya ufundi stadi vifundishe kupima kabla ya kufuta. Na redio za jamii, ambazo Karagwe imezizoea kwa mafunzo ya kilimo, zinaweza kutenga nusu saa kwa juma kuwafundisha wasikilizaji vipimo vilivyotajwa hapa.

Hili si suala la mfuko wa mtu mmoja tu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Kila kompyuta inayotupwa Karagwe kwa sababu ya diski moja inaongeza risasi na zebaki katika ardhi inayolisha migomba na kahawa. Mashine iliyochoka kweli ina siku yake ya kustaafu. Lakini siku hiyo itangazwe na vipimo, si na haraka ya fundi.