Mashine ya babu sio ushamba, ila wembe hauazimwi!

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, kaposti mashine ya kunyolea aliyorithi kwa babu yake, Rolls Razor ya Uingereza. Watu wamemshukia kama mwewe, eti ushamba, eti kafulia. Mimi nakataa.

Mashine nyingi za zamani unaweka wembe wa dukani, ule mwembamba wa makali mawili, ukiisha unatupa. Hii wembe wake ni mmoja tu, mnene kama kisu kidogo, na hautupwi. Kiboksi chake upande mmoja kina jiwe la kunolea, upande wa pili kina ngozi. Unasukuma mpini mbele na nyuma, wembe unanolewa humo humo.

Halafu sisi wenye ndevu za kipilipili, zile mashine za nyembe tano zinakata nywele mpaka chini ya ngozi. Zikiota zinajikunja, shingo nzima vipele. Nimeteseka navyo tangu nimalize fomu foo. Wembe mmoja unanifaa, na kwa baridi hii ya Meru nachemsha maji kwanza.

Ila braza, pale uliposema "washkaji njooni Sakina mnyolee" umechemka. Wembe usiotupwa ukipita kila kidevu unabeba damu. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijui ustaa, na kunoa hakuui virusi.

Urithi wako, kidevu chako, basi. Wewe mdau, ungekubali kunyolewa nao?