Kuombea si Kuombeana

Katika somo la sarufi tulifundishwa kwamba kiambishi kidogo kinaweza kugeuza maana ya kitenzi kizima. Omba. Ombea. Ombeana. Niliyaandika maneno hayo matatu kwa wino wa bluu, nikapata alama zangu, nikaenda zangu kula. Sikujua kwamba tofauti kati ya neno la pili na la tatu ingekuja kunihukumu ndani ya kanisa langu mwenyewe, hapa Ntinda.

Mimi ni mshirika wa kanisa la Kibaptisti. Kila Jumatano jioni tuna kipindi cha maombi, na kwa miaka miwili mimi ndiye niliyeshika daftari. Watu hutaja haja zao: mtoto anafanya mtihani, mume hana kazi, mwenye nyumba anataka kodi yake. Mimi naandika, mchungaji anasoma, sote tunafumba macho. Jumatano inayofuata nafungua ukurasa mpya.

Mwaka jana mama mmoja aliyekaanga chapati karibu na soko aliomba tumwombee. Niliandika hivi: presha, dawa zimekwisha. Wiki ya pili alisimama tena, nikaandika vilevile. Wiki ya tatu nilichora alama ya kurudia chini ya maneno ya wiki iliyopita, kwa sababu nilikuwa nachoka. Wiki ya nne hakuja, nasi tukamwombea bila yeye kuwapo. Siku chache baadaye akaanguka jikoni kwake, na hakuamka.

Usiku wa matanga kapu lilipita. Nilikuwa tena na daftari, safari hii naandika michango. Wengine walitoa noti, wengine walituma kwa simu. Kabla ya saa sita usiku tulikuwa tumepata shilingi 1,200,000. Binti yake alikuwa amekaa mkekani karibu nami. Nilimuuliza, kwa upumbavu tu wa kutafuta la kusema, dawa za mama zilikuwa zikigharimu kiasi gani. Akaniambia: shilingi 30,000 kwa mwezi.

Fanyeni hesabu wenyewe. Fedha tulizozipata kwa usiku mmoja zingenunua dawa za miezi 40. Siwezi kusema kwamba dawa hizo zingemponya. Mimi si daktari, na kifo kina njia zake. Nasema jambo dogo zaidi na la aibu zaidi: kwa muda wa wiki nne hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza bei. Hata mimi niliyeiandika haja yake kwa mkono wangu.

Ndiyo maana naandika insha hii, na ndiyo maana nasema waziwazi: neno "tutakuombea", kama linavyotumika katika makanisa yetu mengi, limekuwa njia ya heshima ya kumwambia mtu aende zake. Yakobo aliwakemea watu wa namna hii katika waraka wake. Alimtaja ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, na mwenzake anayemtakia heri, ashibe na kuota moto, bila kumpa kitu. Sisi tumefanya kosa lilelile, ila sisi tumelipigia magoti.

Najua majibu nitakayopewa. Nimeshapewa. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza lilitoka kwa shemasi mmoja, mzee ninayemheshimu. Aliniita kando baada ya ibada akasema: "Mwanangu, kanisa si benki. Tukianza kugawa fedha, watu watakuja kwa ajili ya mkate. Kazi yetu ni maombi." Sikumjibu palepale, maana si adabu. Namjibu hapa, kwa heshima zote. Mzee wangu, cheo unachokishika chenyewe kinakupinga. Katika Matendo ya Mitume, wajane walipoanza kusahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume hawakusema kwamba hiyo si kazi ya kanisa. Walisema kazi hiyo ipewe watu saba wanaoaminika, wakawaombea na kuwawekea mikono. Mapokeo ya makanisa mengi huwatazama watu hao saba kama chanzo cha ushemasi. Shemasi hakuwekwa kwanza ili apange viti. Aliwekwa ili mjane asisahauliwe.

Tena sisi ni Wabaptisti. Tangu Thomas Helwys alipoanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza mwaka 1612, na baadaye kufia gerezani kwa kudai uhuru wa dhamiri, watu wetu wameshikilia kwamba kila mwamini ni kuhani mbele za Mungu, na kwamba kanisa linajitawala kwa sauti ya washirika wake. Tunajivunia hayo. Hatuna askofu wa kulaumiwa. Kwa hiyo, mama yule alipokosa dawa, hakukuwa na ofisi ya juu iliyokosea. Tulikosea sisi tuliopiga kura. Mwaka huohuo katika mkutano wa washirika tulipitisha fedha za spika mpya. Niliinua mkono wangu kuunga mkono. Spika ni nzuri sana. Mahubiri juu ya upendo yanasikika hadi barabarani.

Jibu la pili lilitoka upande mwingine kabisa, kwa mwanafunzi mwenzangu tunayekaa naye hosteli moja. Yeye alicheka. "Umeona sasa?" akasema. "Acheni maombi, toeni pesa. Vikundi vya munno mu kabi vinawatosha." Jambo hili linastahili jibu la makini, maana vikundi hivyo ni vya kweli na vimewafaa wengi. Munno mu kabi, kwa Kiganda, ni rafiki wa wakati wa shida. Ndiye yule yule wa methali yetu ya Kiswahili, akufaaye kwa dhiki. Wanachama huchanga, na mmoja akifiwa wenzake humsimamia. Lakini kundi la namna hiyo humfaa kwanza aliyelipa. Mama yule alikuwa na kundi lake sokoni, akalikosa kwa sababu ya malimbikizo. Alipokuwa hana cha kulipa, mahali pekee alipoweza kusimama na kusema "sina" palikuwa ni pale kwenye maombi yetu ya Jumatano. Kuomba hakukuhitaji kadi ya uanachama. Maombi ndiyo yaliyomfungua kinywa. Dhambi yetu ni kwamba yaliishia kutufunga sisi masikio.

Kwa hiyo sikubaliani na rafiki yangu kwamba tuyaache maombi. Fedha isiyo na maombi huja na jicho la kumpima mtu: unastahili au hustahili, utarudisha lini. Aliyekuombea kweli kweli, akalitaja jina lako mbele za Mungu, anapata tabu kukutazama kama deni. Na wapo washirika wetu wasio na shilingi ya ziada, wanaoishi huko mabondeni Kinawataka, ambao wanaweza kuomba, kuteka maji, kufua, kukaa na mgonjwa usiku. Tukisema msaada ni fedha tu, tumewafukuza hao katika kazi, na kanisa litabaki mikononi mwa wenye magari.

Jibu la tatu ndilo la kawaida zaidi: sisi ni maskini, kila mtu ana mzigo wake. Ni kweli kwamba maisha ni magumu. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini kila aliyewahi kuuguza anajua maana ya kupewa karatasi na kuambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, nao haukutiwa saini uwe sheria. Serikali ina deni kwetu, na sitaki insha hii iwe njia ya kuisamehe. Lakini umaskini wetu hauwezi kuwa jibu, maana usiku wa matanga hatukuwa maskini. Watu walewale, mifuko ileile, mwezi uleule. Tulikosa shilingi 30,000 kwa mtu aliye hai, tukapata 1,200,000 kwa maiti.

Kwa nini? Nimefikiri sana juu ya hili. Nadhani msiba una utaratibu, na ugonjwa hauna. Mtu akifa, kila mmoja anajua la kufanya: nani atangaze, nani ashike kapu, nani apike, nani aende kijijini kwanza. Mabugo, mchango wa rambirambi, si hiari ya moyo tu, usipotoa utaonekana. Mtu akiugua, hakuna anayejua zamu ni ya nani. Basi wote wanaomba, na kila mmoja anadhani mwenzake amekwenda. Hatukosi upendo. Tunakosa utaratibu, halafu tunaufunika utupu huo kwa sala.

Wazee wa magharibi mwa nchi yetu, Ankole na Kigezi, walilielewa hili kuliko sisi. Wana neno engozi, machela iliyosukwa, ambayo wanakijiji walimbebea mgonjwa kupanda na kushuka vilima hadi afike kwenye tiba. Kikundi cha kubebana nacho kikaitwa engozi, na leo vingi vya vikundi hivyo pia huzika, huweka akiba na kukopeshana. Lakini tazama mwanzo wake: machela ilikuwa ya mgonjwa kabla ya kuwa ya maiti. Hapa Ntinda tuna barabara iitwayo Stretcher, jina la Kiingereza la kitu hichohicho. Tunapita juu yake kila siku tukienda kanisani.

Na katika Injili ya Marko kuna watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipokuta umati mlangoni walipanda juu, wakafungua dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Nauliza wale wanaotenganisha maombi na msaada: watu wale wanne walikuwa wakifanya lipi? Walikuwa wakimpeleka mtu kwa Yesu, na hayo ndiyo maombi. Walikuwa pia na jasho mgongoni. Kama mmoja wao angesema, "Mimi nitabaki nyumbani nimwombee," kona moja ya machela ingelala chini, na mgonjwa angeanguka.

Sasa narudi kwenye sarufi, maana walimu wangu watauliza Kiswahili kimeingiaje hapa. Naombea: mtendaji yupo upande mmoja, mtendewa upande wa pili, na kitenzi kinaweza kwisha bila wawili hao kukutana. Tunaombeana: hapo kiambishi -an- kinadai watu wa pande zote mbili. Leo mimi, kesho wewe. Siwezi kuombeana peke yangu chumbani. Na lugha yetu imekwenda mbali zaidi. Neno tunalotumia kwa meza ya Bwana na kwa umoja wa waumini ni ushirika. Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa chama cha wakulima wanaouza kahawa pamoja. Waliolitumia neno moja kwa mambo hayo mawili hawakukosa msamiati. Mshirika ni mwenye sehemu, katika mkate na katika hasara. Wanaotaka ushirika wa kiroho mtupu, kwanza watafute lugha nyingine.

Nisiishie kulalamika. Nimepeleka mapendekezo matatu kwa mkutano wa washirika, nayaweka hapa pia ili wenzangu walio katika makanisa mengine wayatazame.

La kwanza: kila haja katika daftari iandikwe pamoja na majina mawili, la anayeombewa na la atakayekwenda kumwona kabla ya Jumatano nyingine. Asipopatikana wa kwenda, tusifumbe macho kwanza. Tungoje, tutazamane.

La pili: tuwe na mfuko wa wagonjwa, uliopigiwa kura kama tulivyozipigia kura spika, wenye kiasi kinachojulikana na watu watatu wa kuusimamia. Usiwe mkopo. Kila tunapochangia matanga, sehemu iende katika mfuko huo.

La tatu: hesabu zisomwe hadharani, lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe. Mtu akishatangazwa kwenye spika kwamba alinunuliwa dawa, tumemuuzia dawa hiyo kwa bei kubwa kuliko ya duka.

Mkutano haujaamua. Shemasi yule bado ana wasiwasi, na baadhi ya hofu zake ni za haki: mfuko unaweza kuliwa, watu wanaweza kudanganya. Nakubali. Lakini kudanganywa na mgonjwa wa uongo mara moja kwa mwaka ni hasara ya shilingi. Hasara ile nyingine tumekwisha kuizika.

Wakati tukisubiri, nimebadilisha jambo moja bila kuomba ruhusa. Jumatano, mtu akisimama na kusema haja yake, siandiki upesi. Nauliza: "Ni kiasi gani, na nani anakwenda?" Mara ya kwanza watu walinuna, wengine walisema nimegeuza maombi kuwa mnada. Wiki iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alitaja mguu wa dada yake uliovunjika. Nikauliza swali langu. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mkono ukainuka nyuma, halafu wa pili, na mzee shemasi akasema kwa sauti ya chini kwamba njia yake hupita huko.

Niliandika majina yao matatu. Ndipo tukaomba.