Kuchaguliwa si kupewa visa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozigusa familia nyingi hapa nchini, yaani maandalizi ya kuhamia Marekani kwa njia ya bahati nasibu ya visa. Sina nia ya kumzuia mtu. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi, na kutafuta maisha si kosa. Ninachotaka kusema ni kwamba maandalizi ya safari ya namna hii yapo ya aina mbili. Yapo ambayo visa ikikosekana bado yatamfaa mwenyewe, na yapo ambayo visa ikikosekana yatamwacha hana mbele wala nyuma. Wengi wetu huanza na haya ya pili.

Kwanza tuuelewe mpango wenyewe. Ulianzishwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, na visa za kwanza zilikuwa za mwaka wa fedha 1995. Sheria hiyo iliweka visa 55,000 kwa mwaka kwa ajili ya watu wa nchi zisizopeleka wahamiaji wengi huko, na nchi moja hairuhusiwi kupata zaidi ya asilimia 7. Lakini wanaochaguliwa na kompyuta wamekuwa wengi kuliko visa zilizopo. Mara nyingi, pamoja na wake, waume na watoto wao, wamezidi 100,000. Hufanywa hivyo makusudi, kwa kuwa inajulikana kwamba wengine hawatafika mwisho. Kwa hiyo mtu aliyeona jina lake limetoka hajapewa visa. Amepewa nafasi ya kupanga foleni.

Tena dirisha la foleni hiyo lina saa ya kufungwa. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 30 Septemba. Visa ambayo haikutolewa mpaka siku hiyo imekwisha, haihamishiwi mwaka unaofuata, hata kama mtu amepimwa afya, amehojiwa na amelipa ada zote. Kwa miaka mingi ada hiyo imekuwa dola 330 kwa kila mtu, nayo hairudishwi. Familia ya watu sita ni dola 1,980 kabla hata ya kufikiria nauli.

Aidha, mambo yaliyopita yanatufundisha kwamba dirisha hilo laweza kufungwa hata kabla ya saa yake. Mei 2011 watu wapatao 22,000 duniani waliarifiwa kuwa wamechaguliwa. Siku chache baadaye wakaambiwa kompyuta ilikosea, matokeo yakafutwa, na Julai mwaka huo yakatolewa mengine. Tarehe 31 Januari 2020 Rais Donald Trump alitia saini tamko lililowazuia raia wa Tanzania na Sudan kupata visa za bahati nasibu, kuanzia tarehe 21 Februari. Aprili mwaka huo huo, wakati wa Uviko-19, likaja tamko jingine lililosimamisha visa nyingi za wahamiaji wa dunia nzima. Rais Joe Biden alilifuta lile la Tanzania siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2021, lakini kwa wengi waliochaguliwa kwa mwaka wa fedha 2020 dirisha lilikuwa limekwisha kufungwa tangu Septemba. Na tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alitoa tamko jipya lililoiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na safari hii vizuizi vilihusu visa za wahamiaji pamoja na za matembezi na za masomo.

Nawaomba wasomaji wazingatie jambo moja katika matamko hayo ya 2020 na 2025. Hayakufuta visa zilizokwisha kutolewa. Aliyekuwa na visa katika pasipoti yake alihesabiwa mbali, na aliyekuwa na barua ya kuchaguliwa alihesabiwa mbali. Wamarekani wenyewe huwaambia waombaji kwamba wasiuze mali wala kuacha kazi kabla ya kupata visa. Onyo hilo huandikwa kwa Kiingereza, nasi tuna haraka, basi halisomwi.

Nitoe mfano wa hapa kijijini kwetu. Mzazi mmoja alichaguliwa mwaka 2019. Mwisho wa mwaka huo aliuza kibanja chake. Wasiotoka Kagera waelewe kwamba kibanja ni migomba, ni kahawa, na ni makaburi ya wazee. Aliuza kwa bei ya mtu mwenye haraka. Januari 2020 alimwondoa shuleni binti yake wa darasa la saba, aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, akampeleka Mwanza kwa shangazi yake ili ajifunze Kiingereza. Mwezi haukupita, habari za tamko zikatufikia. Mnunuzi hakukubali kurudisha kibanja, na kwa haki yake, kwa sababu alikuwa amelipa. Binti alirudi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, baada ya kufungwa kwa ajili ya Uviko-19, lakini jina lake halikuwamo tena katika orodha ya watahiniwa, ikabidi arudie mwaka. Baba yake leo analima shamba la kukodi. Mtu huyo si mvivu wala si mjinga. Alifanya kila alichoambiwa na watu kwamba ndiyo maandalizi.

Wapo watakaoniuliza: asipouza, nauli ataitoa wapi? Swali ni la haki, maana mshahara na mavuno yetu tunayajua. Lakini mtu aliyepewa visa halazimiki kuondoka kesho yake. Kwa kawaida visa ya uhamiaji hudumu hadi miezi sita, na huo ndio wakati wa kuuza kinachouzwa, visa ikiwa mkononi. Kabla ya hapo, ada na gharama za hospitali zilipwe kwa akiba, kwa mchango wa ndugu, au kwa kukodisha shamba msimu mmoja. Shamba la kukodisha hurudi. Isitoshe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi akina mama wasikubali kutia saini kwa sababu tu ya kuonyeshwa karatasi yenye bendera ya Marekani.

Kuhusu watoto, mimi kama mwalimu nasema wabaki darasani mpaka siku ya safari. Mtoto anayesoma hapa hapotezi chochote akisafiri, lakini anayeondolewa mapema hupoteza vyote viwili. Hali kadhalika wazazi wajue kwamba fomu ile hutaka watoto wote wa mwombaji walio chini ya miaka 21 na hawajaoa au kuolewa waandikwe tangu mwanzo. Kumwacha mmoja kwaweza kuiangusha familia nzima. Lakini mtoto wa marehemu kaka yako, unayemlea bila hati ya mahakama, kwao si mtoto wako hata kama anakuita baba tangu azaliwe. Ni lazima kikao cha ukoo kikae mapema kiamue mtoto huyo, na bibi mzee, watabaki na nani. Jambo hili huachwa mpaka siku ya mwisho, na ndilo linalovunja mioyo kuliko yote.

Je, tujiandae na nini? Tujiandae na vitu visivyooza. Vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, ambavyo wengi wetu vijijini hatuna. Cheti cha ndoa. Pasipoti. Vyeti vya shule na vya kazi, kwa kuwa mwombaji hutakiwa awe amemaliza elimu ya sekondari au awe na uzoefu wa kazi inayohitaji mafunzo. Lugha, inayoweza kusomwa jioni baada ya kazi. Ufundi wa umeme, ushonaji au uuguzi. Yote haya, Marekani ikikataa, yatatumika Bukoba, Dodoma au Kampala. Cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa kwa ajili ya visa kitamwandikisha mtoto shule hapa hapa.

Mwisho, kuna wajanja wanaoishi kwa jasho la wanaosafiri. Mpaka mwaka 2025 kujaza fomu ya bahati nasibu kulikuwa bure, na ada iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa dola 1 tu, lakini vijana wa mitaani wamekuwa wakitoza watu maelfu ya shilingi. Kibaya zaidi, wengine huificha ile namba ya uthibitisho ambayo ndiyo pekee ya kutazamia matokeo, ili mtu akichaguliwa wamuuzie bahati yake mwenyewe. Namba hiyo ni mali ya mwombaji, aiandike na aitunze.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. La kwanza, Idara ya Uhamiaji ikishirikiana na ofisi za wilaya itoe maelezo haya kwa Kiswahili, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, yabandikwe katika ofisi za vijiji na kata, na kila tamko jipya linapotoka tuarifiwe upesi, si kwa uvumi wa sokoni. La pili, halmashauri za vijiji, zinapoletewa mauzo ya kibanja kwa sababu ya safari ya ng'ambo, ziulize swali moja tu: visa imetoka? Kama haijatoka, muuzaji ashauriwe kusubiri. Halmashauri haitakuwa imemnyima mtu haki yake. Itakuwa imewalinda watoto ambao hawakuulizwa.

Anayekwenda aende salama na atukumbuke. Lakini mlango wa nyumba yake aufunge kwa ufunguo, asiung'oe, mpaka atakapoiona visa kwa macho yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.