Sailensa ya bunduki: Marekani yaondoa kodi, Pwani tusiikaribishe

Tangu tarehe 1 Januari 2026, Mmarekani anayenunua kizuia sauti cha bunduki yake ya mawindo halipi tena ile kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934. Sheria ya bajeti aliyoitia saini Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 imeishusha kodi hiyo hadi sufuri. Usajili haujaondolewa, lakini kikwazo kimoja kikubwa cha bei hakipo tena.

Mkaazi wa Likoni au Kisauni atauliza: hilo latuhusu nini sisi? Latuhusu sana. Tuna ndugu huko Marekani na Ulaya wanaotutumia mizigo kila mwezi. Tuna bandari, na tuna yadi za makontena Changamwe. Vijana wetu nao washazoea kuagiza vitu kwa simu bila kujua sheria ya Kenya yasema nini. Kitu ambacho kwa Mmarekani ni kifaa cha kununua dukani, hapa kwetu chaweza kumfikisha mtu Shimo la Tewa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ukienda gereji za Changamwe ukataja sailensa, fundi atainama kuangalia chini ya gari, na hajakosea. Risasi inapotoka mdomoni mwa bunduki hufuatwa na gesi ya moto yenye shinikizo kubwa, na gesi hiyo inapofumuka ghafla ndipo tunaposikia mlipuko. Kizuia sauti ni mtungi wenye vyumba ndani yake, ambamo gesi hupanuka na kupoa kabla ya kutoka nje. Sailensa ya gari hufanya kazi iyo hiyo kwa moshi wa injini. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kile cha bunduki mwaka 1909, na alitengeneza pia vya injini. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya mashine ya Maxim, ambayo wakoloni waliitumia kutiisha sehemu nyingi za Afrika.

Wawindaji wa nchi za baridi wana sababu zao, na si haki kuzidharau. Bunduki ya mawindo hupiga kelele ya desibeli 155 hadi 170, na mlio wa ghafla unaozidi 140 waweza kuharibu sikio kwa mara moja tu. Kizuia sauti hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35. Kwa bunduki nyepesi ya kilo tatu hivi, ambayo teke lake huumiza bega, uzito wa mtungi mdomoni na gesi iliyozuiwa hupunguza teke hilo pia. Ana hasara yake: bunduki hurefuka, huelemea mbele, na risasi hubadilisha mahali pa kutua hadi mwenyewe alenge upya. Hata hivyo, Norway na Finland wawindaji hukitumia kama kitu cha kawaida.

Ifahamike pia kwamba si kimya kama cha sinema. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa, na mpasuko huo hauzuiwi na mtungi wowote. Kinachobadilika ni umbali ambao mlio husikika, na urahisi wa kujua umetoka upande gani. Shikeni nukta hiyo, kwani ndiyo kiini cha jambo letu.

Kenya haina mwindaji wa kukihitaji kifaa hiki. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendelea kuufanya kosa. Mkulima wa Kwale anayeliwa mahindi na ndovu wa Shimba Hills hana ruhusa ya kumpiga risasi. Kazi yake ni kuita maafisa wa KWS na kungoja. Kuhusu silaha, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikitazami kizuia sauti kama pambo la bunduki. Maana ya neno silaha katika sheria hiyo imejumuisha kifaa chochote kilichotengenezwa kupunguza mlio au mwako wa bunduki. Kwa hivyo mtu aliye na mtungi mtupu sandukuni, bila bunduki, bila hata risasi moja, mbele ya sheria ana silaha, na atatakiwa kuonyesha kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha.

Hata mgeni hasalimiki. Jirani zetu Tanzania wanaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Mtalii aliye na bunduki halali Tanga, akivuka Lunga Lunga nayo bila kibali cha Kenya, uhalali wake anauacha Horohoro.

Wapo wanaosema sheria hii imepitwa na wakati. Kama kifaa hakileti kimya kamili, na kama kinaokoa masikio, kwa nini kihesabiwe sawa na bunduki? Swali hilo lina uzito, na jibu lake liko Tsavo.

Wazee wetu walijua thamani ya silaha isiyolia kabla ya Maxim kuzaliwa. Wawaata, ambao wengi huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wenye sumu. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliendesha kampeni kali Tsavo kuwamaliza wawindaji hao, na wengi wakaishia jela. Lakini mshale haukwisha. Tarehe 30 Mei 2014, Satao, mmoja wa ndovu wenye pembe kubwa zaidi waliokuwa wamebaki duniani, alikufa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu. Alikuwa ndovu anayefuatiliwa na kujulikana, na bado walimfikia.

Mshale haumwamshi askari wa mbuga, na hapo ndipo penye faida yake kwa jangili. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na hakuna serikali iwezayo kuweka mtu kila kichaka. Mlio wa bunduki ndio king'ora cha bure: askari husikia, hukisia upande, hupiga redio. Mshale una udhaifu wake, kwani humtaka jangili asogee karibu na sumu huchukua muda. Mpe jangili bunduki yenye kizuia sauti, utakuwa umempa kimya cha mshale pamoja na umbali na nguvu za risasi. Afrika Kusini washayaona haya. Majangili wa vifaru katika mbuga ya Kruger wamekamatwa mara nyingi wakiwa na bunduki za mawindo zilizofungwa vizuia sauti. Nasi tusisahau kwamba katika miaka hiyo ya Satao, bandari yetu ya Mombasa ilitajwa duniani kama mlango mkuu wa pembe zinazotoka Afrika. Njia inayotoa pembe yaweza pia kuingiza vifaa vya kuzitafuta.

Kutoka mbugani tuingie mitaani, ambako jambo hili latugusa zaidi. Likoni haijasahau usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walipoingia kituo cha polisi, wakaua maafisa na kuondoka na bunduki. Kisauni imeteswa miaka hii na magenge ya vijana wenye mapanga. Na katika mitaa hiyo hiyo zipo familia zinazodai kuwa watoto wao waliuawa na walioapa kuwalinda. Shirika la HAKI Africa lilitoa ripoti mwaka 2016 iliyoorodhesha visa 81 vya mauaji na kupotezwa kwa watu Pwani, kuanzia mwaka 2012.

Katika visa vya namna hiyo, maskini hana kamera ukutani. Ushahidi alio nao ni masikio ya majirani: tulisikia milio mitatu, ilikuwa baada ya isha, ilitoka upande wa barabara. Maneno hayo hutosha kumfanya mpelelezi wa IPOA aulize kwa nini taarifa ya polisi inataja mlio mmoja, au saa nyingine, au mahali pengine. Ukiuondoa mlio, au ukiuvuruga hata mtu asijue umetoka wapi, umemnyamazisha shahidi kabla hajaitwa mahakamani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha aina hii mshindo wake huangukia mama anayetafuta mwanawe mochari.

Ndiyo maana msimamo wa sheria yetu yafaa ubaki ulivyo, na upepo wa Marekani usitutikise. Lakini sheria isiyojulikana ni mtego. Bodi ya Leseni za Silaha ina wajibu wa kueleza kwa Kiswahili chepesi, redioni na misikitini na kwenye mabaraza ya machifu, kwamba kizuia sauti ni silaha. Forodha nao wawaeleze wenye mizigo kabla ya kontena kufunguliwa, wasingoje kumkamata mtu. Na kama hoja ni masikio, basi masikio ya kulindwa kwanza ni ya polisi na askari wa mbuga wanaofanya mazoezi ya shabaha. Vifuniko vya masikio ni rahisi, na havimfichi mtu yeyote.

Kwako wewe unayetumiwa mizigo na ndugu, au unayeagiza kwa simu: bidhaa hizi wakati mwingine hutangazwa kwa majina mengine kabisa, hata kama vifaa vya kusafishia bunduki. Usiagize usichokijua. Na ukikuta mtungi wa namna hiyo ndani ya mzigo, usiuze, usimpe rafiki aupeleke mahali. Tafuta wakili au mzee wa mtaa muweze kuwaarifu polisi mukiwa na mashahidi. Kusema hujui sheria hakukubaliki mahakamani, na mtungi huo hauna kazi halali itakayokutetea.